Kati ya Mutukula na Kayabwe

Ukipanda basi Bukoba kwenda Kampala, njiani utavuka mistari miwili ya latitudo. Wa kwanza ni wa digrii 1 kusini, pale Mutukula. Wa pili ni wa digrii 0, yaani Ikweta yenyewe, pale Kayabwe, ukishazipita Masaka na Lukaya. Ukipima kusini kwenda kaskazini moja kwa moja, kati ya mistari hiyo kuna kilomita kama 111 tu, ingawa barabara ina mizunguko yake na gari linakwenda zaidi ya hapo.

Mutukula unashuka na mzigo wako, unapanga foleni, unatoa pasipoti au hati ya dharura, unagongewa muhuri, unabadilisha shilingi kwa shilingi, na kama kadi ya chanjo ya homa ya manjano umeisahau nyumbani, unaanza kujieleza. Kayabwe hakuna anayekuuliza jina. Dereva mwenye haraka hapunguzi hata mwendo. Unatoka kizio cha kusini cha dunia na kuingia kizio cha kaskazini huku jirani yako akiendelea kutafuna gonja aliyoinunua Lukaya.

Nimeipita barabara hiyo tangu utotoni, tukienda kwa mama mkubwa aliyeolewa Masaka, na mambo hayo mawili yamekuwa yakinikereketa kwa pamoja. Mstari unaoipasua dunia nzima nusu kwa nusu unapitwa bure, lakini ule waliouchora maofisa wa Ulaya ndio unaokupekulia begi. Shuleni tulifundishwa mistari hiyo yote siku moja, kwa chaki moja, kana kwamba ni ya ukoo mmoja. Si ya ukoo mmoja. Ikweta ilikutwa ipo. Mingine ilichaguliwa na watu, kwa sababu zao.

Nianze na huu wa Mutukula, maana ndio uliotutesa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipogawana sehemu hii ya Afrika, zilivuta mstari kutoka mdomo wa Mto Umba kule pwani, zikaupindisha kuizunguka Kilimanjaro, kisha zikaunyoosha hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inakutana na maji. Tarehe 1 Julai 1890 zikaurefusha: mpaka ufuate latitudo hiyo hiyo, ukatishe ziwa, uende magharibi hadi ukutane na Kongo. Ni mkataba ule ule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, na Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Waliotia saini walikuwa hawaijui nchi yenyewe kiasi kwamba waliweka kifungu kuhusu mlima uitwao Mfumbiro: ikionekana uko kusini ya mstari, basi mpaka upindishwe ili mlima ubaki kwa Waingereza. Baadaye ikaja kujulikana kwamba Mfumbiro si mlima mmoja hata kidogo, bali ni ile safu ya volkano tunayoiita Virunga.

Ukitaka kugawa nchi usiyowahi kuikanyaga, latitudo inakurahisishia sana kazi. Haihitaji kujua jina la kijiji, wala nani analisha ng'ombe wapi, wala kisima ni cha nani. Unaandika namba moja, umemaliza. Wanaokuja kuishi na namba hiyo ni wengine.

Na hapa kwetu namba hiyo ilikutana na Mto Kagera, mto usiojua kwenda moja kwa moja. Unapanda kaskazini ukiwa mpakani mwa Tanzania na Rwanda, unageukia mashariki, unashuka tena kusini hadi Kyaka, halafu unapinda kaskazini-mashariki na kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Kwa hiyo kikabaki kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto lakini bado kusini ya mstari, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia humo, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba kipande hicho sasa ni cha Uganda, na mpaka ni mto. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hakuna mtoto wa Kagera asiyeijua hata leo. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wakakimbia na vitanda vichwani, kwa jinsi wazee wetu wanavyosimulia. Vita ilipokwisha, Kampala ikiwa imeanguka tarehe 11 Aprili 1979, mpaka ulirudi pale pale ulipokuwa: digrii 1 kusini.

Kuna wakati ujanani nilidhani hoja ya mto ilikuwa na mantiki, ukimwondoa mwenye kuitoa. Mto unauona kwa macho, na latitudo huioni. Lakini viongozi wa Afrika walikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya mkoloni, hata iwe ya kipuuzi namna gani, iachwe ilivyo, na Tanzania ilikuwa mbele katika azimio hilo. Walijua ukifungua mmoja utafungua yote. Basi mstari wa Mutukula unasimama kwa sababu tulikubali usimame. Nguvu yake yote ni hiyo.

Ikweta haihitaji kukubaliwa na mtu. Dunia inajizungusha, na kitu chochote kinachojizungusha kina nukta mbili zinazobaki mahali pamoja: hizo ndizo ncha. Katikati ya ncha na ncha lazima liwepo duara moja lililo mbali sawasawa na zote mbili. Ukiwafuta binadamu wote duniani pamoja na ramani zao, duara hilo litabaki. Urefu wake ni kilomita 40,075, na aliyelala usingizi juu yake anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Aliyelala London anabebwa kwa kasi ya kama kilomita 1,040. Kwenye ncha, mtu angejigeuza tu papo hapo mara moja kwa siku. Latitudo nyingine zote ni maduara madogo yanayoendelea kupungua hadi kuwa nukta. Ikweta peke yake ndiyo inayoikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa.

Kujizungusha huko kumeivimbisha dunia kiunoni. Jambo hili lilileta ubishi mkubwa karne ya 18: Newton akisema dunia imebonyea kwenye ncha, na wanafalaki fulani wa Paris wakisema imerefuka huko. Mwaka 1735 Wafaransa wakatuma watu hadi eneo la Quito, akiwemo Bouguer, La Condamine na Godin, wakiandamana na maofisa wawili wa Kihispania. Mwaka uliofuata kundi jingine likaenda Lapland, kaskazini kabisa ya Ulaya. Kila kundi lilipima urefu wa digrii moja ya latitudo ardhini. Ya Lapland ikatoka ndefu zaidi, na Newton akawa ameshinda miaka kadhaa baada ya kufa kwake. Leo tunajua kwamba kutoka katikati ya dunia hadi Ikweta ni kilomita 6,378, na hadi kwenye ncha ni 6,357. Kwa sababu ya uvimbe huo pamoja na ule mwendo wa kasi, gunia la kilo mia la Kayabwe, likipimwa kwa mizani ya springi, lingeonyesha uzito wa kama nusu kilo zaidi kwenye ncha. Wafanyabiashara wa kahawa msichukulie hili kama ushauri.

Pale Kayabwe penyewe kuna maduara meupe yaliyosimamishwa wima kando ya barabara, ambapo wageni hupiga picha mguu mmoja huku, mwingine kule. Kuna pia wenye mabeseni. Kijana anamimina maji kwenye beseni lenye tundu, anadondosha ua juu yake, na ua linazunguka likishuka. Anavuka kwenda upande wa pili wa mstari: linazungukia upande mwingine. Juu ya mstari wenyewe, maji yanashuka kimya bila kuzunguka. Watu wanashangaa, wanatoa noti. Nanyuki, kule Kenya, ambako Ikweta inapita karibu na mji, mchezo ni huo huo.

Ni mchezo mzuri, na ni uongo. Nguvu inayotajwa hapo, nguvu ya Coriolis, ipo kweli: kwa sababu dunia inazunguka chini yake, kitu kinachosafiri katika kizio cha kaskazini huonekana kikipinda kulia, na katika kizio cha kusini kushoto. Lakini nguvu hiyo inakuwa sifuri kwenye Ikweta, na hatua ishirini pembeni yake bado ni sifuri kwa kazi yoyote ya beseni. Maji yanazunguka jinsi yalivyomiminwa, au jinsi beseni lilivyogeuzwa wakati kijana akitembea. Usitazame ua, tazama mkono wake. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT alilifanya jaribio hili kwa uaminifu, karibu na Boston, digrii 42 kaskazini: tangi la upana wa karibu mita 2, maji yakaachwa yatulie siku nzima, kisha kizibo kidogo kikachomolewa taratibu. Maji yakazunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney wakafanya vivyo hivyo, yakazunguka upande wa saa. Kwa hiyo jambo lipo, ila linataka subira ambayo mtalii wa dakika kumi hana. Mimi huwalipa wale vijana hata hivyo. Ile ni kazi ya jukwaani, na wanaifanya vizuri kuliko wengi ninaowaona kwenye televisheni.

Anayetaka kuona vizio viwili vikitenda kazi aende baharini. Kimbunga Idai, kilichoipiga Beira mwezi Machi 2019, kilizunguka upande wa saa, kama vimbunga vyote vya kusini; vya Marekani na Asia, kaskazini ya Ikweta, huzunguka kinyume chake. Na kwa kuwa ule mpindo hufifia karibu na Ikweta, vimbunga ni shida kuzaliwa ndani ya digrii 5 hivi kila upande. Ndiyo maana Mombasa haihofii kile ambacho Msumbiji na Madagaska hukihofia kila mwaka.

Lakini kikubwa kuliko vimbunga, kwa watu wa pwani yetu, ni pepo za misimu. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, nchi kavu ya Asia ikiwa imepoa, hewa hushuka kutoka kaskazini-mashariki, ikavuka Ikweta na kutuletea Kaskazi. Katikati ya mwaka mambo hugeuka: Kusi huvuma kutoka kusini, na ikishavuka Ikweta hupinda kulia, ikipita mbele ya Somalia kuelekea Bara Hindi. Majahazi kutoka Maskati na Ghuba yalikuja na upepo wa kwanza yakarudi na wa pili. Biashara nzima, na lugha hii ninayoiandika, ilikua juu ya upepo unaovuka kutoka kizio kimoja kwenda kingine mara mbili kwa mwaka. Mvua nazo hufuata jua likiivuka Ikweta mwezi Machi na Septemba. Ndiyo maana sisi wa karibu na mstari tuna misimu miwili ya mvua, masika na vuli, na ndugu zetu wa Songea wana mmoja tu mrefu.

Manahodha wa zamani waliijua latitudo vizuri kabisa. Walikuwa na kamali, kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo: unauma fundo kwa meno, unanyoosha kibao mpaka uzi ukaze, unapima kimo cha Nyota ya Kaskazini juu ya upeo. Kipimo chao kilikuwa kidole, karibu digrii 1 na nusu. Ukishuka kusini nyota ile inainama, inainama, mpaka inazama baharini, na nahodha wa kuelekea Kilwa na Sofala analazimika kushika nyota nyingine. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliiandika elimu hiyo kwa kirefu, na njia ya Sofala akaitungia shairi.

Longitudo haikuwapa raha kama hiyo, wao wala mtu mwingine yeyote. Mistari ya longitudo inakwenda kutoka ncha hadi ncha, yote ina urefu mmoja, na hakuna hata mmoja ambao maumbile yameuteua uwe wa kwanza. Ptolemy, mwanajiografia wa kale, alianzia magharibi kabisa, kwenye visiwa vilivyokuwa mwisho wa dunia aliyoijua. Wafaransa walianzia Paris. Wengine kwingine. Nahodha akinunua ramani mbili alikuwa na sifuri mbili.

Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 wakakutana Washington kumaliza fujo hiyo. Greenwich ilipata kura 22. San Domingo ikapinga, Ufaransa na Brazil hazikupiga kura. Hoja iliyoshinda haikuwa ya sayansi: karibu asilimia 72 ya shehena za baharini duniani zilikuwa zikisafirishwa na meli zenye ramani za Greenwich. Yaani waliuliza, nani tayari ana wateja wengi? Kutoka Afrika alikuwepo mjumbe wa Liberia peke yake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba, ukafunguliwa Mkutano wa Berlin kuhusu Afrika, na huko hakuwepo Mwafrika hata mmoja. Siwezi kuzitazama tarehe hizo mbili bila kuziweka pamoja: msimu mmoja, dunia ikapewa sifuri yake, na sisi tukaanza kupewa mipaka yetu.

Ufaransa ilinuna hadi 1911 ndipo ikaifuata saa ya Greenwich. Na mkanda wa metali pale Greenwich, ambao watalii huusimamia mguu huku mguu kule, hauko tena kwenye sifuri: sifuri inayotumiwa na GPS inapita kama mita 102 mashariki yake. Pale nako ni jukwaani, tofauti ni kwamba Kayabwe mstari uko jirani zaidi.

Kwa hiyo kizio cha mashariki na kizio cha magharibi ni matokeo ya kura. Ukivuka longitudo 0 pale Tema, Ghana, upepo haubadiliki, nyota hazibadiliki, maji hayana habari. Wangechagua Paris, Tema yote ingehamia magharibi bila jiwe kusogea. Sisi wa Afrika tuna upekee mmoja hapa: ni bara pekee linalokatwa na Ikweta na pia na mstari wa Greenwich, basi lina kipande katika vizio vyote vinne. Mistari yenyewe inakutana kwenye maji ya Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, ambako hakuna kitu ila boya la kupimia hali ya hewa.

Na kama tungeulizwa sisi wa pwani mwaka huo wa 1884, tulikuwa na longitudo ya kupendekeza. Kaaba iko digrii 39.8 mashariki; Mombasa ni 39.7, na Kilwa Kisiwani 39.5. Ukisimama Mombasa, Makka iko kaskazini yako kabisa, pungufu ya nusu digrii. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa na ule wa Gedi waliweka mihirabu upande wa kaskazini, na kwa kuwa kaskazini inasomwa kwa nyota, hawakuhitaji saa wala ramani ya mtu.

Ila longitudo, hata ya kupigiwa kura, inakuja kukudai kupitia saa ya mkononi. Digrii 15 ni saa moja. Digrii 1 ni dakika 4. Saa ya Afrika Mashariki, tatu mbele ya Greenwich, kwa hesabu ni ya longitudo 45, ambayo haigusi Tanzania popote. Iko baharini huko, inapita jirani na Mayotte. Dar es Salaam iko digrii 39, kwa hiyo jua la utosi linachelewa kama dakika 23, si neno. Kigoma iko chini kidogo ya digrii 30. Huko jua linachelewa saa nzima.

Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu alfajiri, inawezekana kwa sababu tuko karibu na Ikweta. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote inaizidi ile fupi kwa kama dakika 47 tu. London, ambako Juni kuna mwanga kwa zaidi ya saa 16 na Desemba usiofika 8, hesabu hiyo ingevunjika. Lakini latitudo ikitupa, longitudo inatupokonya: Kigoma ni saa moja asubuhi ndipo jua linachomoza, na saa kumi na mbili bado ni giza. Ukipanda gari kwenda Bujumbura, ambako jua linachomoza karibu dakika ile ile, unarudisha saa nyuma kwa saa nzima, maana Burundi hufuata saa ya Afrika ya Kati.

Kuna wanaosema Tanzania igawanywe katika majira mawili ya saa. Mimi sioni faida. Treni, benki na taarifa ya habari vingekuwa vurugu tupu. Lakini mtoto wa Kigoma anayetakiwa awe shuleni saa moja asubuhi anatembea gizani kwa sababu ya longitudo inayopita karibu na Mayotte, na hilo linarekebishika bila kugusa saa ya mtu. Kengele ya shule ipigwe nusu saa baadaye. Hakuna mkataba wa 1884 unaokataza.